Kipimo cha Alfajiri, Katoyi

Dola mia mbili na themanini na nne, kuku watatu, jozi moja ya viatu iliyomalizwa na mawe ya volkano, na nauli ya basi la Kampala mara mbili, maana basi la kwanza liliondoka bila mimi. Hiyo ndiyo bei ya staji yangu, mafunzo ya kazini ya wiki nane, mjini Goma, mwaka niliotimiza miaka ishirini na mbili. Nimehesabu mara mbili. Staji yenyewe haikunilipa hata franka ya chumvi. Mwezi uliopita tulimzika Shefu Hangi, aliyenisimamia. Kwenye kilio, chini ya hema, mtu mmoja aliyevaa tai alisimama akasema marehemu ndiye aliyewafundisha watu wa Goma kupima mazuku, hewa ya sumu ya ardhini, alfajiri badala ya saa nne. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa na sahani ya sombe ya majani ya muhogo mapajani, nikaendelea kutafuna. Mtu hadai chake mbele ya jeneza, na isitoshe sombe ilikuwa imepikwa na mwenye kujua. Lakini nilipopanda pikipiki kurudi nyumbani, mwaka ule wote ulipanda nami, ukakaa nyuma kama abiria asiyetaka kulipa.

Nilikuwa nasoma sayansi ya mazingira Kampala. Mwaka wa tatu chuo kilitaka kila mwanafunzi aende kazini wiki nane wakati wa likizo ndefu, arudi na karatasi yenye saini ya msimamizi. Bila hiyo unarudia mwaka, na mwaka wa mwanafunzi wa kigeni unalipiwa zaidi ya mwaka wa mwenyeji. Kwa wenzangu Waganda jambo hilo lilimalizwa na mjomba kwa simu moja. Mimi sikuwa na mjomba Kampala. Nilizunguka ofisi za maji, za misitu, za takataka, na kote swali la kwanza lilikuwa moja: wewe raia? Mama mmoja wa mapokezi alisoma kibali changu cha mwanafunzi neno kwa neno, akaniambia kinasema kusoma, hakisemi kufanya kazi. Nikamwambia sitalipwa. Akasema hata ya bure ni kazi. Nikamuuliza kama pale nilipokaa kumsubiri tangu asubuhi nilikuwa nafanya kazi au nasoma. Hakucheka. Basi nikafunga begi, nikarudi Goma, nikijua kwamba nyumbani hawataniuliza uraia. Kweli hawakuuliza. Waliuliza kashe. Chuo changu kilikuwa kimeandika barua kwa kompyuta, kwa Kiingereza, bila muhuri wowote, na kwetu karatasi isiyo na kashe ni karatasi ya kufungia karanga. “Tunapokea batoto ba hapa,” mkuu mmoja wa ofisi aliniambia, huku akinirudishia barua kwa vidole viwili. “Mimi ni mutoto wa hapa, Papa.” “Wa hapa anasomea hapa.” Hivyo Kampala nilikuwa Mkongomani, na Goma nikawa Muganda. Wiki mbili zilipita hivyo, na likizo haikuwa inanisubiri.

Nilipanga chumba mtaa wa Katoyi, kwa Mama Furaha, mjane wa Rutshuru aliyeuza makaa kwenye lango lake. Aliomba dola thelathini kwa mwezi, tukamalizia kumi na nane baada ya kuketi kwenye benchi lake muda wa maharage kuiva, na tulipomaliza alinipa sahani ya maharage hayohayo, akasema, “Kula, muchawi wa bei.” Chumba kilikuwa cha mbao, juu ya msingi wa mawe meusi, na ukuta wake ulipitisha kila kitu: harufu ya makaa, redio, sala, na ugomvi wa Mama Furaha na fundi wake. Ugomvi ulihusu shimo. Yeyote aliyejenga Goma anajua shimo ninalosema. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano, na mtu mwenye kiwanja hanunui mawe ya msingi ikiwa anaweza kuyavunja uani kwake; anavunja, anajenga, na mwisho anabaki na nyumba mbele na shimo nyuma. Wengine hutupa humo takataka. Wenye akili ya biashara hulipiga bati juu, hutia mlango na ngazi, kisha hulipangisha. Kuta tatu unapewa na Mungu, unajenga moja tu. Mama Furaha alikuwa na akili ya biashara. “Chumba cha baridi safi,” alimwambia kila aliyepita kununua makaa. “Hata jua la saa saba haliingii.” Alikuwa amepoteza kuku wawili humo tangu bati lipigwe, akasema ni kideri.

Maabara niliyoipata mwishowe ilikuwa na vyumba viwili, jenereta lisilo na mafuta, na Shefu Hangi, mwanamume mrefu aliyevaa koti hata ndani. Alisoma barua yangu ya Kiingereza hadi mwisho, wa kwanza kufanya hivyo, akaniambia hana nafasi, hana meza, hana pesa. Nikamwambia sikuomba meza. Akanitazama, akauliza ninakaa wapi. Nilipotaja Katoyi, akavuta kiti. Shida yake ilikuwa hii: alitakiwa kupima mazuku katika viwanja ishirini na viwili vya Katoyi, na wenye viwanja walimfungia malango. Mazuku ni ile hewa nzito inayotoka kwenye nyufa za ardhi. Haina rangi, haina harufu, inakaa chini kama maji kwenye beseni, na anayeinama ndani yake anaweza asiinuke. Lakini mwenye kiwanja haogopi mazuku kama anavyoogopa rangi nyekundu. Ukipima ukaikuta, ofisi inapaka alama ukutani, na siku hiyohiyo wapangaji wanahama na bei ya kiwanja inaporomoka. “Ukinifungulia malango,” Shefu alisema, “nitasaini karatasi yako, na kashe nitaigonga mara mbili kama unapenda.” Tukapeana mkono. Hapo ndipo nilipopata staji, na nilivyoipata ni kama nilivyopata chumba.

Malango niliyafungua kwa Fanta. Kwetu mgeni aliyepita lango lazima anyweshwe kitu, na mwenye nyumba asiyetaka mgeni ana kisingizio kizuri: leo hakuna kitu cha kukunywesha, rudi siku nyingine. Walimrudisha Shefu hivyo kwa miezi. Mimi niliingia na kreti kichwani, nikanywesha wenyeji. Mtu aliyekunywa soda yako uani kwake anaona haya kukufukuza. Nikawaahidi pia, baada ya kubishana na Shefu siku nzima, kwamba alama itapakwa ndani ya ua, si upande wa barabara. Wiki ya tano tulikuwa tumeingia viwanja kumi na tisa. Kazi ilikwenda kwa utaratibu wa ofisi: kuandikisha majina, kahawa, kungoja pikipiki, na saa nne, jua likiwa limeshapanda, Shefu anashusha kipimo kwa kamba, anasoma namba, mimi naandika. Nilikuwa na tabia ya kumwomba ashushe tena. “Wewe unapima kama muuza mbuto wa soko,” alisema. “Namba ni namba.” Nikamjibu kwamba sokoni mizani ya mbegu ndiyo hiyohiyo, lakini uzito wa asubuhi na wa jioni haulingani. Alicheka, akashusha tena, namba ikatoka ileile, akacheka zaidi.

Alhamisi ya wiki hiyo tulipima kwa Mama Furaha, kiwanja cha kumi na tisa. Alisimama juu ya ngazi za shimo, mikono kiunoni, akimwangalia Shefu kama mtu anayeangalia daktari wa mtoto wake. Kipimo kilishuka, kikakaa, kikapanda na namba ndogo isiyo na maana. “Hakuna hatari,” Shefu akasema, nami nikaandika. Mama Furaha alipiga kigelegele kilichowatoa majirani. Mchana huohuo akapokea garanti, kodi ya mbele ya miezi mitatu, dola tisini, kutoka kwa Innocent, kijana wa pikipiki za abiria, na mkewe Solange, ambao walikuwa wakilala na mtoto wao wa miezi minne sebuleni kwa kaka wa Innocent. Wangehamia Jumapili baada ya misa. Nilimsikia Solange akiuliza kitanda kitakaa wapi, na Mama Furaha akimjibu: “Nyinyi mulale juu, mutoto mumutandikie godoro chini, pale pembeni. Chini njo kuna baridi safi.”

Siku ile umeme ulikatika maabara, na Katoyi ulikuwapo, kwa hiyo kipimo kililala kwangu kikichajiwa. Ijumaa niliamka kabla ya kuku, nikatoka kupiga mswaki. Ua ulikuwa umetulia, moshi wa jikoni kwa jirani umelala juu ya bati bila kupanda. Sijui niseme nilikuwa na akili au nilikuwa na tabia tu. Nilichukua kipimo, nikakishusha shimoni kwa kamba. Kabla hakijagusa sakafu kililia. Nikakipandisha, nikakipuliza, nikakishusha tena. Kikalia tena, na namba ilikuwa ya kuua mtu mzima kabla hajamaliza kuita. Saa nne nilirudia: kimya, namba ndogo, upepo unapita mlangoni kama hakuna kilichotokea. Nikaketi kwenye ngazi na mswaki mkononi. Sisi tulikuwa tunapima hewa baada ya upepo kuifagia. Mtoto angelala humo kabla ya kufagiwa.

Shefu alikuwa ameshapanda boti kwenda Bukavu mkutanoni. Nilimpata kwa simu, akanisikiliza, kelele za watu nyuma yake. “Mashine ilianguka?” “Hapana, Shefu.” “Basi ni umande uliingia ndani.” Nikamwambia nimepima mara mbili. “Kavira,” akaniita kwa jina, jambo ambalo hakuwa akilifanya, “ripoti ya viwanja kumi na tisa nimeishaituma kwa wanaotulipa. Yote ya saa nne. Unaelewa unaniambia nini? Usiseme kitu kwa mutu mpaka Jumatatu. Ukisema, hiyo karatasi yako utatafuta mwingine wa kuisaini.” Akakata. Jumatatu ingefika baada ya Jumapili. Hilo hata mtoto wa shule ya chekechea anaweza kulihesabu. Nilihesabu vitu vingine pia. Wiki tatu zilibaki, ofisi nyingine ya kunipokea haikuwapo, na mwaka wa kurudia ungelipiwa na nani? Upande wa pili wa mizani palikuwa na godoro dogo pembeni, chini, kwenye baridi safi. Watu huniuliza leo, sasa nikiwa mimi ndiye ninayesaini karatasi za wanafunzi, kama nilisita. Nilisita mchana mzima. Nilizunguka sokoni bila kununua, na mimi nikizunguka sokoni bila kununua, kuna kitu. Jioni nikanunua kuku watatu. Mmoja angetosha kwa mtu wa kawaida, lakini nilimjua Mama Furaha.

Jumamosi alfajiri nilimgongea. Alitoka amejifunga kitenge, usingizi usoni. Nikamwambia kila kitu, na akanisikiliza hadi mwisho kisha akacheka kwa huruma. “Mwana wangu, Shefu wako mwenyewe alisema hakuna hatari. Wewe mwanafunzi unajua kumupita?” Nikatoa kuku wa kwanza, nikamfunga kamba mguuni, nikamtelemsha ngazi. Aligusa sakafu, akapiga hatua kama mlevi, akalala. “Huyo ulimununua mugonjwa,” Mama Furaha akasema. “Wa soko la jioni njo bako vile.” Nikamwambia achague yeye. Akainamia kikapu, akawapapasa wawili waliobaki, akatazama macho, akapuliza manyoya kama anayenunua, akamtoa aliyekuwa mnene. Yule mnene alichelewa kidogo tu. Mama Furaha alitazama shimo, akatazama lango, pale ambapo majirani wangeanza kupita kununua makaa, kisha akasema kwa sauti ndogo, “Unataka nini? Unataka nikufe na njaa?” Na kabla sijajibu, akashuka ngazi mwenyewe kwenda kuwachukua wale kuku, maana nyama ni nyama.

Ngazi zilikuwa nne. Kwenye ya tatu aliinama kumshika kuku wa kwanza kwa bawa, na nikaona mgongo wake ukisimama hapohapo, umeinama, kama mtu aliyesahau alichofuata. Nilivuta pumzi, nikaifunga, nikashuka, nikamshika kitenge kwa nyuma kwa mikono miwili. Ni mwanamke mzito. Nilivuta kama ninavyovuta gunia la viazi kutoka kwenye gari, na kitenge kikapasuka, nikashika mkono, nikavuta, na tukaanguka wote wawili uani kwenye vumbi la makaa, kichwa chake mapajani mwangu, akihema kama samaki. Kuku alikuwa bado mkononi mwake. Hakumwachia. “Ayiwe,” alisema mwishowe, macho juu. “Miguu ilienda. Kavira, miguu ilienda tu, hata sikusikia harufu.” Tulikaa hapo mpaka jua likagusa bati. Kisha akakaa vizuri, akafunga kitenge kilichobaki, akasema jambo ambalo nilikuwa nalingoja. “Hiyo garanti nilishakula. Fundi alibeba yote.”

Tulijadili pale chini, hatujasimama. Mimi nilikuwa na pesa ya kurudi Kampala na ya kujiandikisha. Nikatoa sitini, yeye akaenda kwa wanawake wenzake wa likelemba, wale wanaochangiana kila wiki kwa zamu, akaomba zamu yake iletwe mbele, akarudi na thelathini, akinung'unika. Innocent alipokuja kuleta kitanda siku ya pili alirudishiwa dola tisini na kuelezwa. Solange alilia. Si kwa mazuku. Alilia kwa kurudi kwenye sebule ya shemeji. “Sasa tunaenda wapi?” aliniuliza mimi, kana kwamba mimi ndiye mwenye viwanja vyote vya Goma. Nilimwambia wasikubali chumba chochote cha shimoni bila kuniita. Innocent akaandika namba yangu kwenye simu yake. Kuku wa tatu tulimla mchana ule, mimi na Mama Furaha, na sikumbuki kuku mwingine niliyemla kimya hivyo.

Jumatatu nilimwekea Shefu Hangi mezani namba za alfajiri na za saa nne, mistari miwili. Hakugusa karatasi. “Nilikuambia nini?” “Uliniambia nisiseme mpaka Jumatatu. Leo ni Jumatatu.” “Na kabla ya leo ulisema kwa nani?” “Kwa kuku.” Alisimama akaenda dirishani na koti lake. Nilimsikia akihema. Nilijua anachohesabu: kuandika kwamba ripoti ina kasoro ni kuandika jina lake chini ya kasoro. Nikamwambia hakuna haja ya neno kasoro. Kilichotumwa kiitwe kipimo cha kwanza. Sasa tufanye kipimo cha pili, cha alfajiri, viwanja vyote, na mimi nitavizunguka kwa miguu, bila pikipiki ya ofisi. Wanaolipa hupenda cha pili kuliko cha kwanza, ni kama wateja. “Na nani atakufungulia mulango saa kumi na moja?” akauliza. Nikamwambia ni Mama Furaha. Na ndivyo ilivyokuwa: kwa wiki tatu mwanamke yule alitangulia mbele yangu gizani, akigonga malango ya Katoyi kwa fimbo, akipaza sauti, “Mufungue! Mimi nilikufa, nikarudi, mufungue!” Hakuna Fanta iliyonunuliwa tena. Tulikuta mashimo manne mengine yenye mlango na bati ambako kipimo kililia, mawili yana watu. Watu wale walitoka wazima. Shefu hakusema asante. Siku ya mwisho aligonga kashe mara moja, kwa nguvu, na chini ya neno “tabia” akaandika: mubishi.

Nilifika mpakani na karatasi ile ndani ya nguo, begi mgongoni, basi la Kampala likingoja upande wa pili. Foleni ilikuwa fupi. Nilikuwa mbele ya dirisha, ofisa ameshafungua pasipoti yangu, muhuri mkononi, simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Innocent, na nyuma yake sauti ya mtoto. Alisema kaka yake amewatoa nje asubuhi hiyo, godoro liko barabarani. Wamepata chumba Ndosho, dola kumi tu, iko chini kidogo, na ngazi mbili, si nne. Mwenye nyumba anasema hakuna shida, mbuzi wake alilala humo mwezi mzima. Mwingine yuko hapo na pesa mkononi, anataka kukichukua. Nilimuuliza kama kina dirisha. Akasema mlango tu, lakini mpana. Kipimo nilikuwa nimekirudisha maabara siku iliyopita, na Shefu alifunga kabati mbele yangu. “Dada, unapita ao haupite?” ofisa akaniuliza, na watu nyuma yangu wakaanza kusukuma mabegi kwa miguu. Simu sikioni, nilisikia Innocent akimwambia mtu subiri, subiri kidogo, namuuliza mwenye kujua. Kisha akarudi kwangu.

“Dada Kavira, mvua iko inakuya. Sema wewe: tumuingize mutoto, ao tungoje?”

“Mungoje, ninakuja,” nikasema, nikanyoosha mkono kwa ofisa anirudishie pasipoti, na ng'ambo basi la Kampala likawasha injini.